Funguo za baba bado ni kielelezo: kesi ya mauaji ikiondolewa mahakamani, familia inabakiwa na nini?

Kifunguamimba (mwanzisha mada)

Habari za wakati huu, wanajukwaa. Naomba ushauri wa watu wanaozifahamu mahakama zetu, hasa mawakili, pamoja na wale waliowahi kufiwa kwa namna tuliyofiwa sisi. Mniwie radhi kwa urefu wa maelezo, kwani kila nilipojaribu kufupisha niliishia kuulizwa maswali yaleyale.

Baba yetu aliuawa Oktoba 2010 huku Mbagala, alipokuwa akitoka kufunga duka lake la vifaa vya ujenzi, kama saa tatu na nusu usiku. Walimpiga kwa nondo, wakachukua mfuko wa mauzo ya siku hiyo na funguo za duka. Aliyeshuhudia ni mama mmoja aliyekuwa akikaanga chipsi ng'ambo ya barabara. Taa ya kibanda chake ilikuwa ikiwaka, na katika wale watatu alimtambua kijana mmoja ambaye aliwahi kubeba saruji dukani kwetu. Mlinzi wa duka la jirani naye aliwaona wakikimbia.

Watu watatu walikamatwa ndani ya mwezi mmoja, na mmoja wao alikutwa na funguo. Mama alizitambua bila kusita, kwa sababu ni yeye aliyefunga kipande cha khanga nyekundu kwenye pete yake ili baba asizichanganye na za nyumbani. Funguo hizo zikawa kielelezo. Sisi tulikata kufuli kwa msumeno ili tuingie dukani, na hadi leo hazijarudi.

Kwa zaidi ya miaka 2 tulikuwa tukienda mahakamani kila baada ya wiki mbili kuambiwa kwamba upelelezi haujakamilika. Mwaka 2013 shauri lilihamia Mahakama Kuu, na ushahidi ukaanza kusikilizwa mwaka 2015. Maelezo ya onyo ya mshtakiwa mmoja, yaani yale aliyoyatoa polisi alipohojiwa, yalikataliwa kwa sababu yaliandikwa siku ya pili baada ya kukamatwa. Mwaka 2016 mmoja aliachiwa kwa kuonekana hana kesi ya kujibu, na wawili wakatiwa hatiani na kuhukumiwa kunyongwa. Hukumu ilisomwa kwa Kiingereza kwa karibu saa mbili nzima. Mama hajui Kiingereza, kwa hiyo muda wote alikuwa akinitazama usoni ili ajue kama tunashinda au tunashindwa, na mimi mwenyewe nusu ya yaliyosomwa sikuyaelewa.

Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilifuta mwenendo wote, kwa maelezo kwamba wazee wa baraza (raia wa kawaida walioketi na jaji ili kumpa maoni yao) hawakuelezwa mambo muhimu ya kisheria kuhusu utambuzi wa mtu usiku kabla hawajatoa maoni yao, na ikaamuru kesi isikilizwe upya. Mwaka uliofuata yule mlinzi akafariki. Mwaka 2021 Wakili wa Serikali aliieleza mahakama kwamba Mkurugenzi wa Mashtaka hana nia ya kuendelea na shauri, na watu wale wakaachiwa siku hiyohiyo.

Hakuna aliyetuarifu. Tulijua kupitia mama. Alikuwa amesimama kituo cha daladala, mwanamume mmoja akamsogelea na kumwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba kwa mazoea ya mtu mzima kabla hajaitambua sura iliyokuwa mbele yake. Alirudi nyumbani bila kununua alichokuwa amekwenda kununua.

Sasa ndani ya familia tumegawanyika. Mdogo wangu wa kiume anasema tumeshamzika baba mara tatu na inatosha. Mama hataki mengi, anataka arudishiwe funguo. Mimi nataka kesi ifunguliwe tena. Je, kisheria jambo hili limekwisha? Kama halijakwisha, tuanzie wapi?

Wakili wa Kinondoni

Pole sana, dada. Nitajibu swali lako kuu kwanza, kisha nitasema mengine ambayo pengine hutayapenda.

Halijakwisha. Mkurugenzi wa Mashtaka anapoliondoa shauri kwa kutamka kwamba hana nia ya kuendelea nalo, mshtakiwa huachiwa, lakini kuachiwa huko si sawa na kuonekana hana hatia. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inasema wazi kwamba kuachiwa kwa njia hiyo hakuzuii mtu kushtakiwa tena kwa mambo yaleyale. Aidha, kosa la mauaji halina ukomo wa muda, hivyo hata ikipita miaka 30 linaweza kufunguliwa. Hilo linawahusu wale wawili tu. Yule aliyeonekana hana kesi ya kujibu aliachiwa huru kwa uamuzi wa mahakama, na kama Jamhuri, yaani Serikali inayoshtaki, haikukata rufaa dhidi ya uamuzi huo, kwake yeye mlango ulishafungwa. (Sitaji namba za vifungu kwa makusudi, kwa sababu Toleo la Urekebu la sheria zetu la mwaka 2023 lilipoanza kutumika Julai 2025 baadhi ya vifungu vilihama, na nimeona watu humu wakinukuu namba za zamani kwa kujiamini sana.)

Jambo linaloziumiza familia nyingi ni kwamba kesi ya jinai si yao. Ni ya Jamhuri. Nyinyi si upande katika shauri, hamwezi kukata rufaa, hamwezi kumlazimisha mwendesha mashtaka aendelee, na zaidi ya hapo mnabaki kuwa mashahidi na wasikilizaji. Ndiyo maana hamkuitwa siku ile. Simtetei mtu, kwani nadhani ni aibu mjane kupata habari ya namna ile akiwa kituo cha daladala, lakini ndivyo mfumo ulivyojengwa. Mnaloweza kufanya ni kumwandikia Mkurugenzi wa Mashtaka kupitia ofisi yake ya mkoa, mkieleza namba zote za shauri, mashahidi waliobaki, mahali wanapopatikana, na kuomba jalada lipitiwe upya. Ibara ya 59B ya Katiba inamtaka atumie mamlaka yake kwa kuzingatia nia ya kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki, na maslahi ya umma. Barua iliyojengwa juu ya mambo hayo matatu, yenye kurasa mbili na isiyo na matusi, husomwa. Barua ya kurasa kumi yenye kilio hupokelewa, hugongwa mhuri, na huishia hapo.

Sasa kuhusu uzito wa ushahidi wenu, kwa sababu hiki ndicho atakachokitazama. Mlinzi amefariki. Sheria ya Ushahidi inaruhusu maelezo ya maandishi ya shahidi aliyekufa kupokelewa katika kesi ya jinai, lakini kwa masharti, na mojawapo ni kwamba upande wa pili upewe nakala na usipinge ndani ya siku 10. Wakili yeyote wa utetezi aliye macho atapinga. Funguo ni ushahidi mzuri, lakini ataulizwa nani alizichukua, nani aliyeshuhudia upekuzi na kusaini hati, zilikaa kwa nani, zikahamia kwa nani. Mnyororo huo ukikatika hata mahali pamoja, kile kitambaa chekundu hakitawasaidia sana. Maelezo ya onyo yalishakataliwa, na hakuna ujanja hapo: sheria inatoa saa 4 za kumhoji mtu tangu awekwe chini ya ulinzi, na muda huo usipoongezwa kwa utaratibu unaotakiwa, kinachoandikwa baadaye huwa hatarini.

Anabaki mama wa chipsi. Kila kitu kitamwangukia yeye. Tangu hukumu mashuhuri ya mwaka 1980, Mahakama ya Rufani imekuwa ikisisitiza kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho, hasa usiku, ni dhaifu mno na usitegemewe mpaka uwezekano wa kukosea uondolewe wote. Ataulizwa alimtazama kwa muda gani, kutoka umbali gani, alimjua kabla au hakumjua, kulikuwa na mwanga wa nini na ulikuwa mkali kiasi gani. "Taa ilikuwa inawaka" si jibu. Taa ya namna gani? Ilining'inia wapi? Iliangaza uso au mgongo?

La mwisho kwa leo: wazee wa baraza. Wakati ule kesi ya mauaji haikuweza kusikilizwa bila wao, na kesi nyingi zilifutwa kwenye rufaa kwa kosa hilohilo la jaji kutowaeleza ipasavyo. Mwaka 2022 sheria ilibadilishwa, na sasa si lazima wawepo. Kama mtafanikiwa kurudi, angalau shimo lile halitawameza tena. Nakuomba pia usiwataje wale watu kwa majina hapa jukwaani wala mtaani, kwa sababu mbele ya sheria, leo hii, wanahesabiwa hawana hatia mpaka mahakama iseme vinginevyo.

Mja wa Mola

Dada, mwachieni Mungu. Damu ya mtu haipotei bure, na wenyewe watalipwa hapahapa duniani.

Kifunguamimba

Ahsante kwa dua. Kwa Mungu tumeshamwachia tangu 2010, nalo halikutuzuia kwenda mahakamani.

Wakili, nashukuru sana. Nimesoma jibu lako mara tatu. Kumbe yale tuliyokuwa tukiyaona kama hila za mawakili wa upande wa pili ni sheria iliyokuwepo muda wote. Laiti mtu mmoja angetueleza hivi mwaka 2012.

Mzaliwa wa Vingunguti

Ninaandika kama mtu aliyepita njia hiyo na kutoka upande wa pili akiwa na hali mbaya kuliko alivyoingia, kwa hiyo maneno yangu yapime kwa kiasi hicho.

Mama yetu aliuawa mwaka 2008 kutokana na mgogoro wa kiwanja, na aliyeshtakiwa alikuwa ndugu wa damu. Miezi minne baada ya mazishi walikuja wazee wa ukoo, watu ninaowaheshimu, wakaketi sebuleni na kusema kwamba aliyekufa amekufa, aliyebaki naye ana watoto, basi tuyamalize kifamilia. Waliweka bahasha juu ya meza, kando ya sahani ya kashata. Sisi wakubwa wawili tulikataa. Baadaye tuligundua kwamba mdogo wetu wa tatu alikuwa ameipokea nyuma ya migongo yetu, na alikuwa shahidi. Alipopanda kizimbani kutoa ushahidi, alisahau kila kitu alichowaambia polisi. Mwendesha mashtaka akaomba atangazwe shahidi aliyegeuka, na kesi ikafia hapo. Miaka 9 ilipotea. Niliuza pikipiki mbili kwa ajili ya nauli, wakili wa kutuangalizia mwenendo wa kesi, na kuwasafirisha mashahidi kutoka Kilosa. Leo sina mama, sina pikipiki, na mdogo wangu hatusalimiani.

Kwa hiyo simlaumu mdogo wako anaposema inatosha. Usimchukulie kama msaliti. Inawezekana ndiye pekee kati yenu anayeihesabu gharama kwa sauti. Kabla hamjaandika barua yoyote, kaeni kikao cha familia, kila mmoja aseme anataka nini, na ambaye hataki aruhusiwe kutotaka. Sisi hatukufanya hivyo. Mimi nilimburuta mdogo wangu kwa miaka, na bahasha ilipomfikia ilikuta mtu aliyekwisha kuchoka.

Wakili wa Kinondoni

Naongezea juu ya hiyo bahasha kwa sababu jambo hili ni kubwa kuliko watu wanavyolichukulia. Kosa la mauaji halimalizwi kwa suluhu ya ukoo. Sheria inahimiza mapatano katika makosa madogo, kama vile shambulio la kawaida, lakini kupokea malipo ili kuficha kosa kubwa au kuacha kutoa ushahidi wake ni kosa la jinai kwa anayepokea. Ndugu yetu wa Vingunguti, mdogo wako alijiweka pabaya kuliko alivyojua. Hata kwa Waislamu wanaoijua diya, yaani fidia ya damu, katika dini, mahakama za Tanzania hazina utaratibu wa kuimaliza kesi ya mauaji kwa diya.

Kilichopo ni kitu kingine. Tangu mwaka 2019 sheria inaruhusu makubaliano ya kukiri kosa kati ya mwendesha mashtaka na mshtakiwa, na katika kesi za mauaji huwa inatokea mtu akakiri kosa dogo la kuua bila kukusudia. Mwendesha mashtaka, pale mazingira yanaporuhusu, hutakiwa kushauriana na muathirika au mpelelezi kabla ya kuingia makubaliano hayo. Dada, kama kesi yenu itafufuka, huo ni mlango ambao familia inaweza kusikilizwa, na mnapaswa kuamua mapema mtasema nini mkiulizwa. Wengine huona ni heri mtu asimame mbele yao aseme "ndiyo, nilifanya", kuliko hukumu ya kifo iliyokaa kwenye karatasi, maana nchi hii haijamnyonga mtu kwa zaidi ya miaka 25.

Karani Mstaafu

Kifunguamimba, mwanangu, nimefanya kazi katika masjala za mahakama kwa muda mrefu, na sheria nawaachia wenyewe. Mimi nitazungumzia makaratasi.

Kesi moja ya mauaji ina namba nyingi, na familia nyingi zinaijua moja tu. Kuna namba ya polisi, ile yenye herufi IR. Kuna namba ya shauri la awali kule kwa hakimu. Kuna namba ya shauri la kikao Mahakama Kuu, na kuna namba ya rufaa ya jinai. Ukienda dirishani na namba ya kwa hakimu ukauliza jalada lililoko Mahakama Kuu, karani atakujibu kwamba halipo, na atakuwa hajasema uongo. Kaa chini, ziandike zote kwenye karatasi moja, pamoja na tarehe na majina ya mahakimu na majaji. Hukumu ya Mahakama ya Rufani huna haja ya kumwomba mtu, kwani zinawekwa kwenye mtandao wa TanzLII na kusomwa bure. Itafute, ichapishe, na umpate mtu wa kuwasomea kwa Kiswahili neno kwa neno.

Chukueni pia nakala ya taarifa ya uchunguzi wa mwili na hakikisheni kwamba sababu ya kifo iliyoandikwa kwenye cheti cha kifo haipingani nayo. Nimeshaona cheti kilichoandika ugonjwa kwa mtu aliyepigwa risasi, kwa sababu tu ndugu aliyekwenda kukifuatilia alitaka mambo yaishe haraka.

Sasa, funguo. Namwelewa mama yako kuliko unavyodhani. Niliwaona wajane wakija kuomba saa, kofia, hata kiatu kimoja. Shauri likifika mwisho, mali huweza kurudishwa kwa mwenyewe kwa amri ya mahakama. Lakini nakusihi msiziombe sasa. Siku funguo zile zitakapotoka kwenye chumba cha vielelezo na kuingia mkononi mwa mama yako, hazitakuwa kielelezo tena, zitakuwa funguo. Hakuna mtu atakayeweza kuzirudisha mbele ya jaji. Badala yake andikeni barua kuuliza zimehifadhiwa wapi na kwa namba gani katika rejista, na kuomba zisiteketezwe. Vielelezo vya kesi iliyoondolewa huweza kuteketezwa kwa amri, na baada ya miaka hii yote sina uhakika kama hata lebo yake bado inasomeka.

Mwalimu wa Historia

Sina ujuzi wa sheria, lakini mjadala huu umenikumbusha jambo. Sisi wa Dar es Salaam tunapita Mtaa wa Lumumba kila siku, na wengi tunafikiri habari ya Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, iliisha alipouawa tarehe 17 Januari 1961. Wanawe waliwasilisha malalamiko mahakamani Ubelgiji mwaka 2011, miaka 50 baada ya kifo, na kilichorudi mikononi mwa familia mwezi Juni 2022 ni jino moja. Mwili haukuwepo wa kurudishwa.

Mfano unaofanana zaidi na wa dada ni wa Thomas Sankara, aliyekuwa rais wa Burkina Faso. Aliuawa tarehe 15 Oktoba 1987 pale Ouagadougou, na cheti cha kifo kikaandikwa kwamba alikufa kifo cha kawaida. (Mzee Karani, nilipofika kwenye aya yako ya cheti nilisimama kidogo.) Mjane wake, Mariam, aliwasilisha malalamiko mwaka 1997. Mahakama za nyumbani zilimfungia milango, akaenda Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, ambayo mwaka 2006 ilikubaliana na familia. Hata hivyo kesi haikusogea mpaka Blaise Compaoré, aliyeshika urais baada ya Sankara, alipoondolewa madarakani mwaka 2014. Ilianza kusikilizwa Oktoba 2021, na tarehe 6 Aprili 2022 Compaoré alihukumiwa kifungo cha maisha bila yeye mwenyewe kuwepo, akiwa uhamishoni. Watoto waliokuwa wadogo baba yao alipouawa walikuwa watu wazima kabisa.

Siwafananishi viongozi wa nchi na mwenye duka la saruji, ingawa sioni kwa nini nisifanye hivyo.

Mzaliwa wa Vingunguti

Mwalimu, nakubaliana nawe, ila hao walikuwa na mawakili wa kimataifa na dunia nzima ikiwatazama. Dada huyu ana nauli ya daladala.

Kifunguamimba

Shikamoo Mzee Karani, na ahsanteni nyote. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nirudi na jambo la maana.

Tulifanya kikao, kama kaka wa Vingunguti alivyoshauri. Mdogo wangu amesema hataki kurudi mahakamani, lakini atachangia nauli, na hatutamuuliza zaidi ya hapo. Nilishtuka kwamba aliposema hivyo mama alipumua kama mtu aliyetuliwa mzigo. Kumbe kilichokuwa kikimuumiza ni sisi wawili kutozungumza. Kuhusu funguo, nilimsomea aya ya Mzee. Alinyamaza, kisha akasema, "Basi zikae. Hata hivyo kufuli lenyewe mlishalikata."

Hukumu ya rufaa niliipata mtandaoni, kurasa 19. Mpwa wangu anayesoma sheria mwaka wa tatu alikuja Jumapili, akaketi kwenye mkeka na kumsomea bibi yake kwa Kiswahili, sentensi baada ya sentensi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mama kusikia yaliyosemwa mahakamani kuhusu kifo cha mume wake. Alisikiliza huku akichambua mchele, hakuuliza kitu. Mpwa wangu alipofika mahali majaji wanapoeleza mwanga, kwamba shahidi alisema aliona kwa msaada wa taa ya kibanda chake, na kwamba hakuna mahali kwenye kumbukumbu palipoelezwa ukali wa taa hiyo wala umbali wake, mama aliinua mkono akasema, "Taa hazikuwa moja."

Tulimuuliza ana maana gani. Anasema kando ya duka letu, upande wa kushoto, kulikuwa na duka la dawa lenye taa ndefu ya mwanga mweupe barazani, na ililala ikiwaka usiku kucha kwa sababu mwenyewe aliwahi kuvunjiwa. Baba alikuwa akiisifu taa hiyo kwamba inamwokoa kununua ya kwake. Baba aliangukia chini ya taa hiyo. Katika kurasa zote 19 haikutajwa hata mara moja. Mama mwenyewe alipotoa ushahidi aliulizwa habari za funguo tu, hakuna aliyemuuliza habari ya taa, naye hakujua kama taa ni jambo.

Mama wa chipsi yupo hai. Alihamia Kilwa kwa binti yake, na namba yake ya simu tumeipata. Nimepanga kwenda Ijumaa kumuuliza kama anaikumbuka taa ya duka la dawa.

Wakili wa Kinondoni

Dada, simama hapo. Usiende kumuuliza.

Ukimtajia taa hiyo wewe, siku atakapoitaja mahakamani swali la kwanza la utetezi litakuwa "nani alikukumbusha?", na akisema ukweli, kwamba ni binti wa marehemu aliyemfuata hadi Kilwa, mtakuwa mmemuua shahidi wenu kwa mikono yenu. Hata kama taa ilikuwepo. Hata kama aliiona. Fanya hivi: katika barua kwa Mkurugenzi wa Mashtaka eleza kwamba shahidi huyo yupo hai na anapatikana wilaya gani, na kwamba mama yenu anazo taarifa kuhusu hali ya mwanga ambazo hakuwahi kuulizwa. Usieleze kwa undani ni taarifa gani, mama ataeleza mwenyewe atakapoandika maelezo ya nyongeza polisi. Omba mashahidi wote wawili wahojiwe upya, kila mmoja peke yake. Kama kuna picha ya zamani inayoonyesha baraza la duka la dawa, hata ya harusi iliyopita pale mbele, itafuteni, na msiiandike chochote nyuma.

Karani Mstaafu

Na barua hiyo ipelekeni kwa mkono, nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa mbele ya macho yenu na mrudi nayo nyumbani.

Kifunguamimba

Nimeelewa. Safari ya Kilwa nimeifuta, na mpwa wangu ameanza kuandika barua. Itakuwa ya kurasa mbili. Picha tunazo kwenye sanduku la mama na tutazipitia kesho.

Swali moja dogo, wakili, nalo si langu. Mama na huyo mama wa chipsi walikuwa marafiki. Wakati wa msiba alikaa nasi siku saba, na tangu ahame hawajaonana. Mama anauliza kama hata kumpigia simu kumjulia hali nako kumekatazwa.

Wakili wa Kinondoni

Hakujakatazwa. Mwambie mama ampigie, wasalimiane, waulizane habari za watoto na bei ya viazi. Habari ya usiku ule wasiiguse.